Usiguse, Haijakauka

Kwa wiki tatu kawa letu halikufunika chakula. Lilikaa juu ya kabati la vyombo likiwa limefunika gari lenye urefu wa sentimita 17, na kila aliyepita karibu alipita kwa kunyata, kana kwamba mle ndani kuna mtoto amelala. Mke wangu alivumilia siku mbili.

"Baba Neema, wali unaliwa na nzi, wewe umefunika plastiki."

Nikamweleza kwa upole kwamba nzi akitua kwenye wali unampunga tu, anaenda zake, lakini akitua kwenye klia mbichi anazikwa papo hapo na mabawa yake. Hakuona tofauti iko wapi.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, lile jekundu lenye boneti nyeusi, ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za Safari za mwaka 1971. Langu limepunguzwa mara 24. Kuunga vipande hakukunisumbua. Rangi nayo ilikubali. Stika za kubandika kwa maji zilinila jioni moja na heshima yangu kidogo. Ikabaki klia tu. Mafundi wa magari wanaijua: rangi isiyo na rangi, inayopigwa juu ya rangi ili watu waione rangi. Ya kwanza unaipuliza kiduchu, kama mtu anayenyunyiza marashi, maana ukiimwaga kwa pupa thina inazikunja stika kama ngozi ya samaki kwenye mafuta ya moto.

Hilo nililijua. Nisilolijua ni Aprili ya Dar es Salaam.

Nilidamka saa moja asubuhi, barakoa usoni, nikitaka kuwahi kabla bodaboda hazijaanza kutimua vumbi na moshi. Nikapuliza vizuri, nikajisifu. Dakika chache baadaye boneti nyeusi ilikuwa imegeuka tui. Si kungʼaa kwa tui, la hasha, ni ule weupe wake wenyewe. Nikambebea fundi rangi wa mtaani kwetu, ambaye amezoea kuletewa milango ya Noah. Alilishika kwa vidole viwili, akacheka mpaka akakaa kwenye tairi, kisha akanipa somo bure. Thina inapokimbilia hewani inaondoka na joto. Uso wa rangi unapoa, unyevu ulioko hewani unatua juu yake kama jasho kwenye chupa ya soda baridi, halafu unafungiwa humo.

"Umeipiga klia pamoja na mvua, kaka," akasema. Dawa yake: rudia kwa thina inayokauka polepole, saa nane mchana, siku ya jua.

Siku ya jua! Katikati ya masika! Nilikaa siku nne nikitazama mawingu kama mkulima, tofauti ni kwamba mimi niliomba yapite.

Nilirudia, weupe ukayeyuka, boneti ikarudi nyeusi. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, nayo ni kutofanya kitu. Klia ina unafiki wa uji: juu inaweka utando, ukidhani imetulia, kumbe chini bado inachemka. Kipimo cha kuaminika ni pua. Unainua kawa, unanusa. Ukisikia thina, unafunika. Nilinusa asubuhi, mchana na jioni, kabla ya chakula, kama dozi. Neema alishawaambia wenzake shuleni.

Nasikia huko kwenye baridi wenye mchezo huu wanakaushia magari yao kwenye mashine za kukaushia matunda, joto la nyuzi 40 hivi. Mimi nilifikiria dashibodi ya gari juani, nikaona paa litajikunja kama chapati. Jirani anayefuga kuku akanikaribisha kwenye boksi lake la vifaranga lenye taa. Joto safi kabisa, la kiasi. Lakini nikawatazama wale vifaranga wakipukutisha manyoya, nikamshukuru, nikarudi kwenye kawa.

Siku ya sita nililigusa. Msiniulize kwa nini. Harufu ilikuwa bado ipo, akili ikasema acha, dole gumba likaenda lenyewe. Likaacha alama katikati ya paa, mistari yote imetimia, kama nimejiandikisha kupiga kura.

Nikangoja tena wiki. Kisha msasa wa maji namba 2000 na tone la sabuni, kufuta alama na chenga za vumbi. Kisha vitambaa, kuanzia 3000 hadi 12000, ambacho ukikipapasa huwezi kuamini kwamba kinakwangua chochote. Kinakwangua. Kwenye kingo rangi hukaa nyembamba kuliko kwingine, na mimi nilisugua ukingo wa madigadi ya tairi la mbele mpaka nikakutana na plastiki nyeupe. Nikapaka nyekundu kwa kijiti cha meno, nikaugeuzia upande huo ukutani. Halafu polishi tatu, kwa kitambaa laini, mpaka nikaona feni ya darini ikizunguka ndani ya paa.

Jumapili akaja baba mkwe. Mzee huyu alikulia Nairobi, baba yake akiwa mtu wa reli, na magari ya Safari aliyaona kwa macho yake kila Pasaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia una kitu."

Nikainua kawa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akainama. Akalizunguka mpaka upande wa ukutani, nikakohoa. Nikangoja sifa.

"Mbona hili," akasema taratibu, "halijatoka Nairobi?"

"Vipi, baba?"

"Yale yalikuwa yanarudi na rangi ya barabara. Tope mpaka kwenye vioo. Hili linakwenda harusini."

Mke wangu alicheka hata akaweka sinia chini. Nami jioni ile nilitoka uani na kijiko, nikachota udongo, nikauchekecha kwa chujio la chai, nikaupaka kwenye milango niliyoisugua siku tatu. Ukapendeza, na ubishi wa mzee ukaisha.

Ila udongo huo ukiguswa unapukutika. Ili ushike unahitaji klia juu yake, ile isiyongʼaa. Nimeipuliza leo saa nane, na nje mvua imeanza. Mama Neema anauliza kawa liko wapi.