Shauri la Maziwa

Watani wetu wanasema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kuendesha kesi ya kuku. Mimi siwabishii, maana mshahara wangu unatoka humo humo. Ni karani katika ofisi ya wakili mmoja hapa Same mjini. Wateja wanateremka kutoka Vudee, Chome na Mbaga na karatasi zao kwenye rambo lililonusurika marufuku, na kila karatasi ina ugomvi wa tangu enzi za babu: masale yalihamishwa usiku, zamu ya maji ya bwawa la ndiva iliporwa, mbuzi alivuka mpaka. Kwa hiyo niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilijua kuwa ofisi hii inaweza kuninyima kiti, inaweza kuninyima feni, lakini hainyimi mtu kifungu.

Na kifungu kipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Humo humo inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Sasa piga hesabu. Kliniki wanakwambia mtoto anyonye maziwa ya mama tu, bila hata tone la maji, kwa miezi sita. Siku 84 hazijafika hata miezi mitatu. Miezi inayobaki mtoto yuko Makanya kwa mama mkwe, na maziwa yako Same pamoja nami. Kwenda na kurudi ndani ya saa mbili haiwezekani, kwa sababu Hiace haiondoki mpaka ijae, na mpaka ijae mtoto ameshalia, amebembelezwa, amelala.

Basi ikabidi kukamua. Wifi yangu wa Dar es Salaam alinitumia pampu ya betri, wakili akanionyesha stoo ya mafaili, nikakaa kati ya makabati nikiwa nimezungukwa na mashauri ya ardhi ya tarafa nzima. Maziwa yenyewe hayasubiri ratiba. Mteja akija na mtoto mchanga, mtoto akalia kwenye benchi, blauzi yangu ndiyo inayomjibu. Siku hizi najitanda mtandio hata jua likiwaka vipi, na wateja wananisifu kwa heshima.

Kati ya stoo na chumba cha wakili kuna ukuta wa plaiwudi. Pampu ikifanya kazi inahema: nguu-chii, nguu-chii. Asubuhi moja upande wa pili alikuwepo mzee wa kesi ya mpaka, mtu ambaye hasaini hata fomu ya kuombea msaada bila kuuliza ukurasa wa pili uko wapi. Nikamsikia akikatiza maelezo yake mwenyewe.

"Wakili, kinachohema ni nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Endelea."

"Kipo. Nikisema kinahema, nikinyamaza kinahema. Mnanirekodi."

Wakili wangu, ambaye mahakamani anaweza kuzungumza mpaka karani wa mahakama abadilishe kalamu, alikosa neno. Akasema ni mashine ya ofisi. Mzee akataka kujua mashine hiyo inafanya kazi gani, ilinunuliwa lini, na kwa nini imefichwa ukutani. Akatangaza kwamba hatatia sahihi jambo lolote mpaka mashine iletwe mezani kama kielelezo. Nikaona bora nijitetee.

"Shikamoo baba. Ni mimi, karani. Nakamua maziwa ya mtoto."

Kimya.

"Marahaba mwanangu. Unakamua kwa kibali gani?"

"Kifungu cha 33, baba. Kifungu kidogo cha 10."

"Hebu kisome."

Nikakisoma kwa kichwa, pampu ikihema. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatia kidole pale pale penye tundu. "Kinasema anyonyeshe mtoto. Mtoto yuko wapi?"

"Makanya, baba."

"Basi hapo hunyonyeshi. Hapo unakamua."

Wakili akazinduka. Hoja aliipata, na hoja ndiyo inayomwamsha. Akamuuliza mzee: ukimpelekea mwanao mahindi shuleni Moshi, umemlisha au hukumlisha? Wakabishana kuhusu mahindi, kuhusu nia ya Bunge, kuhusu tofauti ya haki na namna ya kuitekeleza. Chupa ya kwanza ikajaa, nikabadilisha upande, bado wako pale pale. Mwishowe mzee akakubali kwa sharti moja.

"Atakuwa amemlisha," akasema, "kama yamefika."

Kufika ndiyo kesi nyingine. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama saa nne kama joto la chumba halizidi nyuzi 25. Kule Chome ungeweza kuyaweka dirishani ukaendelea na shughuli. Same iko upande wa mlima ambao mvua huusikia kwa jina, na adhuhuri ya Januari hapa inapita nyuzi 30 bila aibu. Kwa hiyo naomba barafu kwa jirani muuza soda, natumbukiza chupa kwenye chombo cha kubebea barafu, namkabidhi konda wa Hiace ya Makanya. Konda ni mwaminifu. Tatizo lake ni sauti. Anasimama mbele ya ofisi, anapiga honi, anaita barabara nzima isikie: "Maziwa ya Makanya! Maziwa ya Makanya tayari?"

Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake kwa wakili akanishika mkono.

"Mwanangu, nusu lita shilingi ngapi?"

"Si ya kuuza, mama."

"Mmeshayamaliza?"

"Hapana. Ni yangu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenyewe."

"Ni yangu mimi, mama. Ya mwilini."

Akanitazama, akaitazama chupa, akaitazama Hiace yenye abiria kumi na kitu waliokaa kusubiri. "Na hicho kidogo ndicho mnachopigia honi?"

Makanya anayapokea mama mkwe. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa milimani, wa kizazi kilichokula makande bila kuacha punje, na kwake kumwaga chakula ni kosa linalotakiwa kuitiwa baraza. Nilimweleza maelekezo ya kliniki kwamba maziwa mtoto aliyoyaonja na kuyabakiza hayarudishwi baadaye, yanamwagwa. Alinisikiliza kwa upole kabisa, na hajawahi kumwaga hata siku moja. Kwa mtoto hayarudi, hapo ametii, lakini yanapakwa kwenye vipele, na yakizidi yanaenda kwenye mpapai. Tena ana daftari. Anaandika tarehe, mstari wa chupa, na hali ya barafu. Jioni moja akanipigia: "Mama mtoto, jana yalifika mstari. Leo yako chini ya mstari. Konda kayanywa?" Konda aliapa kwa jina la mama yake mbele ya mashahidi wa stendi. Mama mkwe akamsamehe, ila daftari halikufutwa. Kisha akanitumia, kwa gari hilo hilo, tangawizi ya Mamba Miamba ya kutia kwenye uji, ili kesho mstari ufikiwe.

Wakati mwingine nikiwa stoo nawaza majirani. Hifadhi ya Mkomazi ikiisha inaanza Tsavo, Kenya. Sheria ya Afya ya huko, ya mwaka 2017, inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, friji, soketi ya pampu, meza ndogo na viti vya kukaa kwa raha, na inakataza chumba hicho kuwekwa msalani. Wanaitekeleza kwa kiasi gani, Wakenya wenyewe wataulizana. Lakini tembo wanavuka mpaka ule kila wakijisikia. Ile meza ndogo haijavuka.

Bibi zetu wasingengoja ivuke. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya mbiru, wanaume walishuka milimani wakaja kupiga kambi hapa Same kudai ifutwe, na wakakaa hasa. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya mgogoro ule. Mashamba yakalala, nyumba zikapoa. Ndipo wanawake kwa mamia wakawazingira maofisa na dai lao: ama mmalize shauri hili waume zetu warudi nyumbani, ama mtupe mimba ninyi wenyewe. Nalisoma dai lile kwa jicho la karani na sioni kasoro. Lina malalamiko, lina nafuu inayoombwa, lina nafuu mbadala.

Nilimsimulia wakili kisa hicho chote, nikimkazia macho kwenye nafuu mbadala, halafu nikataja kwamba mlango wa stoo hauna komeo. Fundi alifika kabla ya saa tisa.

Komeo likawa zuri, la chuma, jipya. Fundi alikuwa ameambiwa ni la kulinda mafaili, kwa hiyo alilipigilia kwa nje. Kesho yake nikiwa ndani, pampu ikihema, mfanya usafi alipita ukumbini, akaona mlango umerudishwa tu bila kufungwa, akatimiza wajibu wake. Klak. Wakili yuko mahakamani, simu yangu iko mezani, chupa imejaa, na barabarani konda ameshaanza kuita.

Nikasikia hatua upande wa pili wa plaiwudi, na kikohozi ninachokifahamu.

"Mashine ya leo iko wapi?" mzee akauliza chumba kitupu.

"Ipo, baba. Shikamoo. Naomba unifungulie mlango."

Akawaza.

"Marahaba. Aliyeufunga ni nani, na kwa amri ya nani?"