Masharti ya Mshumaa

Nimezaliwa kwa koroboi, nikasoma chuoni kwa taa ya chemli, nikavua dagaa kwa karabai. Katika taa zote hizo hakuna hata moja iliyonipa karatasi ya kusoma kabla sijaiwasha. Koroboi ukiitia mafuta inawaka, ukiinyima inazimika. Asubuhi unapenga masizi, unakunywa chai, unakwenda pwani.

Sasa mpwa wangu kaniletea mshumaa.

Huyu ni binti wa dada yangu, yuko Uingereza mwaka wa tisa huu. Alipopiga simu kusema, "Mjomba, zawadi yako imo melini," nililala siku mbili nikiota simu mpya. Sisi wa Makoongwe meli tunaiona ikiingia Mkoani, basi siku hiyo niliitazama kama mtu anayemtazama mkwe. Nikavuka kwa mashua, nikalipa nauli ya kwenda, nikalipa nauli ya kurudi, nikabeba kiboksi kizito mpaka nyumbani. Kikafunguliwa mbele ya mke wangu, wajukuu watatu, na jirani yangu ambaye boksi lolote likivuka maji yeye huwa ameshakaa barazani kwangu.

Ndani mlikuwa na mshumaa mmoja mnene kama kichwa cha mchi, rangi ya manjano, na mingine miwili myembamba. Na kadi.

Kadi ilikuwa ya Kizungu, na mke wangu kasomesha skuli miaka thelathini, kwa hiyo mambo yote yakawa mikononi mwake kuanzia hapo. Akasoma: nta safi ya nyuki, haikuchanganywa na kitu. Akageuza nyuma. Huko chini, kwa herufi za kutafutiwa miwani, pameandikwa kuwa nta yenyewe imetoka Tanzania.

Nikanyamaza kidogo. Nta ya Tanzania haikuanza leo kusafiri. Tangu enzi za Mjerumani inapakiwa melini kwenda Ulaya, na Tabora ndiko kwenye sifa zake. Kwa hiyo pengine nyuki wa Tabora kataabika, mrina asali kapanda mti, nta ikavuka bahari, huko ikatiwa utambi na kuvishwa boksi, ikanirudia mie Makoongwe. Ilipoondoka ilikuwa nta tu. Imerudi na masharti.

Na masharti sisi Wapemba tunayajua. Watu wanatoka mbali kuja kwetu kutafuta waganga, na mganga huwapa masharti: kuku mweupe asiye na doa, usigeuke nyuma, usiseme na mtu njiani. Lakini mganga mwenye adabu zake hakupi zaidi ya matatu. Kadi hii nilihesabu tisa, nikaacha kuhesabu.

Ningeuweka kabatini ukae na sahani za wageni, ila wiki ileile betri ya sola ilikufa. Pemba ina umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na wenzetu wa Unguja wanajua sisi tulivyocheka kabla ya hapo, walipokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, sisi majenereta yetu yakinguruma. Lakini nyumbani kwangu mimi natumia sola, na sola bila betri ni bati la bei ghali. Mwanangu aliye Chake Chake akasema betri ataileta "wiki hii". Hakusema wiki ya mwezi gani.

Usiku wa kwanza nikauwasha kwenda nao chooni. Nikarudi, nikaupuliza fuu, nikalala. Usiku wa pili vilevile. Wa tatu nikakuta utambi umeingia shimoni, kisima kimechimbika katikati ya mshumaa na kingo zimesimama pembeni kama ukuta, na mwanga wote unamulika ndani ya kisima. Nje giza tupu. Mke wangu akaleta kadi.

"Bwana, ulizima baada ya muda gani?"

"Dakika tano. Haja yenyewe ndogo."

Nikasomewa. Nta ya nyuki ni ngumu, inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na moto unahitaji muda kuyeyusha uso wote mpaka ukingoni. Hesabu yake ni saa moja kwa kila inchi ya upana. Wetu una inchi tatu. Maana yake, mtu wa Makoongwe akibanwa usiku na haja ya dakika tano, inampasa akae saa tatu. Ukizima kabla, mshumaa hausahau: siku ya pili moto unafuata njia ileile ya jana na kuzidi kuchimba.

Nikauliza dawa ya kisima. Ipo. Uwashe, usubiri kingo zipate uvuguvugu, kisha uzikumbatie kwa viganja na kuzibonyeza taratibu kuelekea ndani. Basi nikakaa kwenye kiti namtazama mke wangu anaukumbatia mshumaa, uso umemlainika, anaubonyeza huku anaunong'oneza. Mimi mwenyewe mgongo unaniuma tangu Mfunguo Mosi na hakuna aliyenisogelea.

Kisha kuna upepo. Mshumaa huu hautaki upepo. Moto ukiyumba unayeyusha upande mmoja, nta inamwagika mezani, na utambi unatoa moshi. Niambieni, nyie mlioandika kadi, kisiwa kipi hicho kisicho na upepo? Kusi ikishika hapa hata kuku wanatembea kiupandeupande. Lakini amri ni amri. Madirisha yakafungwa, mlango ukafungwa, kitambaa kikatiwa chini ya mlango, na familia nzima ikakaa ndani inatoka jasho ili mshumaa usije ukakereka.

Katika joto lile ndipo mke wangu akanisomea sifa: kwamba mshumaa wa nta unatoa sijui chembe gani zinazosafisha hewa ya nyumba. Hili nimelipinga na nitalipinga. Hakuna mtaalamu aliyelithibitisha, na moto ni moto, hauli vumbi. Hewa safi Makoongwe haina gharama: fungua dirisha. Lakini dirisha tumekatazwa na mshumaa.

Harufu, sikatai, ni nzuri. Ni asali iliyo mbali. Mjukuu wangu mdogo aling'ata ukingo, akatafuna, akasema, "Babu, haimezeki." Na mchana wakaja nyuki wawili, wakauzunguka mshumaa pole pole, wakakagua juu na chini kama maofisa wa forodha, wakaondoka. Nilijiona mwizi.

Kosa langu kubwa lilikuwa la usafi. Tuliupumzisha siku kadhaa, nikaukuta umeota unga mweupe mwili mzima. Nikasema huu sasa umefanya kuvu, si unajua unyevu wa kwetu, hata viatu vya ngozi vinaota ndevu. Nikachukua dodoki na sabuni, nikausugua kisimani kama mtoto wa chuo kabla ya Ijumaa. Mke wangu alipotokea, alishika kichwa. Kumbe ule unga si kuvu. Ni mafuta ya nta yenyewe yanayopanda juu taratibu, na ndiyo dalili kuwa haikughushiwa. Hufutwa kwa kitambaa laini, yakaisha, au huachwa. Nikaomba radhi, kwanza kwa mke, halafu, kwa kuwa alinikodolea macho, kwa mshumaa.

Ile miwili myembamba nisiulizwe. Niliisimamisha dirishani mchana wa jua kali. Jioni yote miwili imerukuu.

Mzigo mwingine ni utambi. Kila kabla ya kuwasha lazima ukatwe ubaki kama milimita sita. Ukiwa mrefu, moto unapanda na masizi yanapanda. Mkasi wangu wa masharubu umehamishiwa huko, sasa masharubu yangu yanafika mdomoni na utambi uko nadhifu. Na kuzima hakutakiwi kupuliza. Unachukua chelewa ya ufagio, unauinamisha utambi mpaka unazama ndani ya nta iliyoyeyuka, kisha unausimamisha tena haraka kabla haujaganda. Hautoi moshi hata kidogo. Hili, kusema kweli, nimelipenda, na wajukuu wanapigania zamu. Lakini sitamwambia mke wangu.

Jirani naye hakukaa kimya. Yeye ana mizinga yake kule kwenye mikoko. Hukamua masega kwa mkono, asali anaitia chupani, na yale makapi yanayobaki anayatupa. Usiku mmoja akauinua mshumaa, akaunusa, akaukwaruza kwa ukucha.

"Yakhe, hii si yale makapi yangu?"

"Ndiyo hayo."

Mke wangu, ambaye hawezi kumuona mtu hajui kitu akamwacha, akamweleza kuwa nta hutoka tumboni mwa nyuki vibarua, magamba madogo madogo, na kwamba hukadiriwa nyuki hula asali kilo sita hadi nane ndipo wakatoa kilo moja ya nta. Jirani akakaa chini. Miaka ishirini anatupa. Alikuwa akihesabu kwa vidole, vya mkono vikaisha. Tumeambiwa fuata nyuki ule asali, akasema, mbona hawakumalizia?

Kesho yake akaja na makapi ndoo nzima. Tukayayeyusha, sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji, kwa sababu nta ikikaa juu ya moto wenyewe inaweza kulipuka kama mafuta ya kukaangia. Tukachuja kwa kipande cha kanga. Kalibu tukafanya vikonyo vya majani ya mpapai, maana vina uwazi ndani. Utambi wa kwanza jirani alitia uzi wa nyavu. Uzi wa nyavu ni nailoni. Ulijikunja kama mnyoo, ukayeyuka, ukazimika. Wa pili ukatolewa kwenye koroboi yangu ya zamani, pamba tupu, ila mnene kupita kiasi. Mshumaa ule uliwaka kwa moto wa kuchomea samaki na dari yangu ina duara jeusi mpaka leo. Jirani alikuwa na furaha ya mtu aliyejaaliwa mtoto. Wake umepinda na una mbawa za nyuki ndani, lakini hauna kadi. Anaupuliza fuu anapotaka.

Nilikuwa karibu kuhamia upande wake. Halafu mke wangu akanikumbusha kuwa neno lenyewe, mshumaa, limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake huko ni nta. Vile vijiti vyeupe vya dukani ni parafini, itokanayo na mafuta ya petroli. Vimeazima jina tu. Kwa hiyo maisha yangu yote nimekuwa nikiwasha kitu kingine, na mshumaa nimekutana nao uzeeni, na una tabia hii.

Juzi usiku mwanangu akafika na betri, katoka na mashua ya mwisho. Akaunganisha waya, akabonyeza, taa ikawaka nyumba nzima nyeupe pee, hata nyufa za ukuta zikaonekana. Nikasimama kufungua madirisha, huku natafuta chelewa.

"Bwana, kaa," mke wangu akasema, macho yako kwenye saa ya ukutani. "Bado dakika arubaini."

Tukakaa chini ya taa ya umeme, madirisha yamefungwa, tunaulinda mshumaa.