Utepe Una Fungu, Kipira cha Koki Hakina

Kuna aibu ya aina yake inayompata mwananchi anapokinga mtungi chini ya mfereji uliozinduliwa wiki iliyopita na usitoe hata tone. Kiu si hoja; kiu ameizoea, na mwenye mkokoteni wa mitungi bado anapita mtaani kwa bei yake ile ile. Kinachomuuma ni kwamba alipiga makofi. Alikaa juani asubuhi nzima, akaimba alipoambiwa aimbe, akapokea soda vuguvugu na mkate, akamwona Mheshimiwa akifungua koki, akijaza glasi na kunywa mbele ya kamera huku akitikisa kichwa, utadhani maji ameyaonja kwa mara ya kwanza siku hiyo. Leo koki inazunguka bure, kulia na kushoto, na jirani aliyekataa kuhudhuria anapita polepole kuliko kawaida yake ili aone vizuri.

Lawama humwangukia aliye karibu. Fundi wa maji wa kaunti, yule wa pikipiki isiyo na vioo na mfuko wa spana alizonunua mwenyewe, huitwa mvivu, mlevi au mla rushwa, na siku akionekana sokoni huzingirwa. Wapo mafundi wavivu na wapo walevi, hilo sibishi. Lakini mifereji mipya inakauka kwa mtindo ule ule kutoka wadi hadi wadi, chini ya magavana wa vyama mbalimbali, tangu kaunti 47 za Kenya zilipoanza kazi mwaka 2013, na uvivu wa mtu mmoja hauenei hivyo. Ninachodai ni kwamba mfereji unakufa kwa sababu ya namna kaunti inavyopanga na kuandika pesa zake. Hesabu zake zinajua kuzaa, kulea hazijui, na kila anayezipitisha ana sababu nzuri ya kuziacha zilivyo.

Tuanze na uzinduzi wenyewe, maana ni kazi ya ufundi isiyopewa heshima inayostahili. Hema hufika kabla mkandarasi hajamaliza. Viti vya plastiki ni vya wananchi. Chini ya hema kuu kuna makochi yaliyovishwa kitambaa cheupe, na mbele yake meza ndogo zenye maua ya plastiki na chupa za maji ya kununua dukani, katika sherehe ya kutangaza kwamba hapa sasa kuna maji. Msema chochote hushika kipaza sauti na safari ya vyeo ikaanza: mzee wa kijiji, chifu, msimamizi wa wadi, Mwakilishi wa Wadi, Waziri wa Maji wa kaunti, mbunge, Mwakilishi wa Wanawake, seneta asiyesalimiana na gavana, naibu gavana. Kila mmoja hutamka kwamba itifaki imezingatiwa, kisha huizingatia upya kuanzia mwanzo, jina kwa jina. Halafu huja kibao: marumaru nyeusi, herufi za rangi ya dhahabu, pazia dogo la satini lenye kamba, vyote vimeinuliwa juu ya nguzo ya zege yenye nondo ndani. Mfereji, hatua mbili kutoka hapo, mara nyingi umesimama kwa kudra ya bomba jembamba. Mtu akitaka kujua kipi kati ya vitu hivyo viwili kilikusudiwa kudumu, apige teke kimoja kimoja.

Sasa pesa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengwe kwa maendeleo, na kanuni za mwaka 2015 zikaweka dari ya asilimia 35 ya mapato kwa mishahara. Nia ilikuwa njema: kuzuia kaunti zisile kila kitu kwa mishahara, marupurupu na safari za mafunzo. Ili asilimia hizo zipimike, ilibidi kila shilingi iitwe jina, ya maendeleo au ya matumizi ya kawaida, na hapo ndipo mkosi unapoingia. Kuchimba kisima ni maendeleo. Tangi ni maendeleo, na paneli za sola pia. Stima ya kuendesha pampu ni matumizi ya kawaida. Mafuta ya pikipiki ya fundi, dawa ya kusafishia maji, kile kipira cheusi kilichomo ndani ya koki ambacho duka la vifaa vya ujenzi linakiuza kwa bei ya andazi au mawili, vyote ni matumizi ya kawaida, na huko vinakutana na mishahara, ambayo imewahi foleni na haisukumiki. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimelalamika mara nyingi kwamba mishahara inavuka ile dari. Kinachosalia baada yake ndicho kinachogombaniwa na petroli, karatasi, chai ya mikutano, na mwisho kabisa kipira.

Na kisima ni kiumbe kinachodai. Pampu huning'inia ndani ya bomba, chini sana ardhini, imezamishwa ili maji yanayoizunguka yaipoze. Maji yakishuka chini yake inazunguka kavu na kuungua. Stima ikiyumba, mota inaungua. Mchanga ukipenya, vile vibapa vinavyosukuma maji juu vinalika taratibu, presha inapungua, watu wanadhani ni mgao. Mwenye sikio anaweza kugundua mengi ya haya mapema, kwa mlio tu, kama kuna mtu aliyelipwa ili akae hapo na kusikiliza. Mtu huyo ni mshahara, na mshahara tumeshaona unavyopigwa dari. Kwa hiyo pampu hulia peke yake mpaka inyamaze. Kisha hutokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote: pampu ikishakufa, inakuwa maendeleo. Matengenezo ya kila siku huandikwa kwenye matumizi ya kawaida, lakini ufufuzi wa mradi mzima uliokwama huandikwa kwenye fungu la maendeleo, kwa zabuni, kwa mkandarasi, kwa hema. Kipira kisichopatikana mwezi wa Oktoba kinageuka mradi wa ukarabati baada ya miaka mitatu, na pembeni mwa kibao cha kwanza kinasimamishwa cha pili. Hakuna aliyeiba chochote hapo. Kila afisa amefuata sheria, kila hati imepigwa muhuri, na kadiri mfereji unavyokufa mara nyingi ndivyo kaunti inavyokaribia asilimia yake 30.

Atasema mtu kwamba huo ni ugonjwa wa kaunti, na kwamba serikali kuu ingefanya vizuri zaidi. Historia haimsaidii. Mwaka 2009, kaunti hazijazaliwa, mtandao wa wataalamu wa maji vijijini ulikadiria kwamba zaidi ya thuluthi moja ya pampu za mkono katika Afrika kusini mwa Sahara hazifanyi kazi. Na mwaka 2015 serikali kuu yenyewe ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, ikapeleka mashine kubwa kubwa katika hospitali mbili za kila kaunti. Seneti ilipochunguza, ripoti yake ya mwaka 2020 ilieleza kuwa baadhi zilikuwa zimekaa bila kazi, ama kwa kukosa wataalamu wa kuziendesha, ama kwa kukosa vyumba, maji na umeme wa kutosha. Mashine hufika kwa lori na kupigwa picha. Mtaalamu wa kuiendesha hana utepe.

Mengine ni ya aina hiyo hiyo. Ambulensi ni maendeleo, dizeli yake siyo. Taa ya mulika mwizi humulika mpaka bili ya kwanza. Choo cha soko huzinduliwa, kikafungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo yuko mazishini. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti pia kazi ya kutoa leseni za mbwa, na hapo, kwa bahati, hakuna cha kuzindua, kwa hiyo mbwa wanaendelea kama kawaida.

Pingamizi zito zaidi linatoka kaunti zenyewe, nalo nusu yake ni kweli. Magavana husema: tungetengenezaje bomba ilhali mgao wetu hauji? Ibara ya 219 ya Katiba inataka mgao wa kaunti ufikishwe bila kuchelewa na bila kukatwa, na kila mwaka, karibu bila kukosa, unachelewa kwa miezi. Hata ukifika, hautoki kwenye Hazina ya kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na idhini inapita kwenye mfumo wa kompyuta ambao wahasibu wanaujua kwa tabia yake ya kulala mwisho wa mwezi. Wauguzi wanaingia wodini bila mshahara, kisha wanagoma, kisha wanaitwa wasio na utu. Hapo mimi sicheki. Kibarua aliyefagia uwanja wa uzinduzi huenda anadai kaunti miezi kadhaa, na aliyemwagiza afagie anajua, na bado fagio linatakiwa lifike pale alfajiri. Lakini pingamizi hilo lina tundu. Ucheleweshaji ungekuwa ndio sababu pekee, basi kila kitu kingechelewa sawasawa. Hema halichelewi. Msafara wa magari una mafuta hata mwezi ambao ambulensi imeegeshwa. Pesa chache zinapofika kuna mtu anayepanga nani atangulie, na fundi hajawahi kuwa wa kwanza.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: wananchi wenyewe ndio wanaotaka vipya. Ni kweli kwamba katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, vile ambavyo mahudhurio huandikwa kwa makini kuliko maoni, watu huomba zahanati, barabara na kisima, na ni nadra mtu kusimama na kuomba kipira. Na uchaguzi ukiwadia, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, hakuna mgombea anayeweza kujinadi kwa mambo ambayo hayakuharibika. Ila tuangalie kile ambacho mwananchi huyo anaonyeshwa. Makadirio yanayopaswa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili humjia, yakimjia, kama orodha ya miradi mipya kwa jina la kila wadi. Hakuna ukurasa unaosema visima vya mwaka juzi vinagharimu kiasi gani kwa mwezi ili viendelee kutoa maji, wala ni vingapi bado vinatoa. Mtu aliyeonyeshwa duka la nguo tupu hawezi kulaumiwa kwa kutonunua sindano.

Lisilohitaji sheria mpya ni hili: uzinduzi usogezwe mbele mwaka mmoja. Maji yaanze kutoka leo, kimya kimya, watu wachote. Hema lije baada ya miezi kumi na miwili, kama maji bado yapo, na kwenye kibao, badala ya orodha ya waheshimiwa, paandikwe gharama ya mradi, fungu linalolipia matengenezo na namba ya simu ya ofisi ya fundi. Waandaaji watapinga kwamba gavana hawezi kupanga ratiba yake kwa kutegemea pampu, na watakuwa wameungama jambo kubwa bila kujua. Wanasiasa watauliza itakuwaje uchaguzi ukiangukia katikati ya mwaka huo. Pingamizi gumu litatoka kwa mkandarasi, kwa kuwa mwaka mmoja baada ya kazi kwa kawaida bado anadai, na akialikwa jukwaani atataka kipaza sauti.