Farasi wa Mapafu Sita

Katika ufalme mmoja ng'ambo ya bahari ya magharibi, ambako njia ni pana na safari ni ndefu, kila nyumba ilifuga mnyama wa kukokota gari lake. Aliyependwa kuliko wote alikuwa farasi wa wastani, ambaye si mdogo hata mtu wa tano akose pa kukaa, wala si mkubwa hata zizi limshinde mwenyewe. Huyo ndiye aliyewapeleka watoto chuoni, baba kazini na mama sokoni. Na kwa kuwa wafugaji walikuwa wengi na wivu wao ulikuwa mkali, jioni barazani hapakuwa na maneno mengine ila ni farasi gani mwenye nguvu na ni farasi gani asiyekula sana.

Nguvu ilipimwa kwa jiwe: ratili 550 zikiinuliwa futi moja kwa nukta moja, hiyo ndiyo nguvu moja. Katika zizi mashuhuri kuliko yote alikuwapo farasi wa mapafu manne mwenye nguvu 203, na ndugu yake wa mapafu sita, wa umbo lile lile na gari lile lile, mwenye nguvu 301. Madalali waliinadi tofauti hiyo toka alfajiri hadi magharibi, na wanaume wenye ndevu waliacha shughuli zao kwenda uwanjani kutazama ndugu hao wakitimuliwa kutoka kusimama hadi mbio. Wa mapafu sita alihitaji nukta sita hivi, wa manne nukta nane hivi, na kwa ajili ya nukta mbili hizo watu walinuniana, mashemeji wakasusiana karamu. Hakutokea wa kuuliza ni mara ngapi kwa mwaka baba mwenye watoto garini na kapu la mayai mapajani hulazimika kufikia mbio kamili kwa nukta sita.

Siidharau nguvu, maana penye kilima, au pa kuupita msafara wa mikokoteni mizito, ndiyo inayomtoa mtu katika hatari. Lakini hata hapo 203 zilitosha na kusaza. Farasi wa wastani akiisha kushika mwendo wake katika njia kuu tambarare, huuendeleza kwa nguvu 20 hivi; zilizobaki zote zimelala, nayo mapafu makubwa hudai chakula hata yakiwa hayana kazi.

Tukija kwenye chakula, zamani za babu zao wafalme wa jangwani walikuwa wamefunga maghala yao, nafaka ikapanda bei, watu wakapanga foleni usiku kucha na vikapu mikononi. Mfalme wa nchi ile akaamuru mnyama yeyote asipite mwendo wa maili 55 kwa saa, amri iliyodumu miaka 21, na kila farasi wa kuuzwa akavishwa kibao shingoni. Farasi alipandishwa juu ya magogo yanayozunguka bandani, yaliyokazwa ili kuiga uzito wa upepo, kisha ikaandikwa amekwenda maili ngapi kwa pishi moja: namba ya mjini, namba ya njia kuu, na namba ya wastani kati ya hizo. Watu waliponung'unika kwamba farasi akifika nyumbani hula kuliko kibao chake, makarani wa kizazi kilichofuata wakaongeza majaribio ya mbio, ya joto na ya baridi kali, namba zikashuka, zikaukaribia ukweli. Hata hivyo, wengi wa farasi walipimwa na wafugaji wenyewe, makarani wakirudia wachache tu, na siku mfugaji mmoja alipobainika kuwa vibao vyake vimetiwa chumvi, ilimbidi awarudishie wanunuzi thamani ya nafaka waliyopunjika.

Alikuwapo bwana mmoja, mtu mwema na mcha Mungu, aliyemnunua yule wa mapafu sita. Kibao cha wastani kilisema 26. Cha wa mapafu manne kilisema 32. Kando yao alifungwa baghala, mtoto wa punda na farasi, mwenye nguvu 208 na kibao cha 52, mnyama wa ajabu ambaye kila anapozuiwa au kuteremka huweka akiba ya nguvu katika kiriba chini ya tandiko, kisha huitumia aanzapo kwenda tena, na akisimamishwa njia panda hali kitu.

"Tofauti ya sita si kitu," akasema bwana.

Mkewe, aliyeshika funguo za ghala, akamwaga mbegu za ukwaju mkekani akahesabu. "Baba watoto, gari letu huenda maili 15,000 kwa mwaka. Huyu uliyemleta atakula pishi 577. Wa mapafu manne angekula 469. Hiyo sita uliyoiita si kitu ni pishi 108. Nao wenzako jana walimshangilia baghala mpya aliyetoka 52 akafika 57, na akiba yake kwa mwaka ni pishi 25 tu."

Bwana akadhani mbegu zimepotea, akahesabu upya mwenyewe, akapata zile zile. Kibao kilimpotosha bila kusema uongo, kwa kuwa kilihesabu maili za pishi moja, ilhali ghala hutokwa na pishi za maili zile zile kila mwaka. Makarani walilijua hilo, na siku za karibuni waliandika chini ya kibao pishi zinazoliwa kwa kila maili 100: 3.8 kwa wa mapafu sita, 3.1 kwa wa manne, 1.9 kwa baghala. Laiti hayo wangeyaandika kwa herufi kubwa, na yale ya juu kwa herufi ndogo!

Na bwana alipenda kukimbiza. Amri ya 55 ilikuwa imekwisha futwa, naye akashika 80. Upepo hauna huruma kwa mwenye haraka: mwendo ukizidishwa mara mbili, hukaza mara nne, na nguvu ya kuupasua hutakiwa mara nane. Kutoka 55 hadi 80 upepo ulimkazia zaidi ya mara mbili, na farasi akaanza kula hata zaidi ya kibao.

Miaka ikapita. Zizi moja baada ya jingine likaacha kuzalisha farasi wa mapafu sita. Wengine waliwaleta wa mapafu manne wenye mvukuto uzungushwao na pumzi yao wenyewe itokayo, ambao wakiendeshwa kwa upole hula kidogo, na wakichapwa mjeledi hula kama wakubwa zao. Mwishowe zizi lile mashuhuri likaleta baghala watupu.

Ungedhani ugomvi wa barazani umekwisha. Lakini watu wakaanza kuwatoka farasi wa wastani, wakataka ngamia, kwa sababu ngamia ni mrefu na jirani anaye. Wako wafugaji waliofunga mazizi ya farasi kabisa. Bwana yule naye akaenda kwa dalali, mkewe ubavuni, wakaonyeshwa ngamia mwenye mapafu sita, nguvu 295 na kibao cha 24. Mke akasoma maandishi madogo: 4.2 kwa maili 100. "Ni pishi 625 kwa mwaka, baba watoto," akasema, "nazo nguvu ni pungufu ya zile za farasi wako."

Bwana akauliza kama nyuma kuna nafasi ya mtu wa nane. Dalali akasema ipo, wakapeana mikono.