Mbinu za Kuonekana Unajua Pa Kula Dar

Mgeni amefika. Huenda ni shemeji kutoka Mwanza, huenda ni bosi mpya aliyehamia kutoka Dodoma, au rafiki uliyesoma naye ambaye siku hizi anaishi Muscat na amekuja na hamu yake ya mihogo. Hoteli za Posta zimemchosha. Anakwambia, "Nipeleke huko mnakoishi wenyewe. Wapi wanapika?" Na wewe, pamoja na miaka yote uliyokaa Tabata au Kimara, unajua sehemu mbili tu: nyumbani kwako, na chipsi za pale kona.

Usihangaike. Kila mkazi wa Dar es Salaam anapenda aonekane anaujua mji, na hakuna aliyeumaliza. Sensa ya 2022 ilihesabu humu watu zaidi ya milioni 5.3, na wote hao kila siku lazima wale. Ujuzi unaoutaka upo tayari mitaani, na wenye nao hawana uchoyo. Kazi yako ni kuuchukua na kuuvaa ukukae. Nifuate.

1. Iba macho ya bodaboda

Usitafute pa kula. Tafuta wanapokula watu wasioweza kukosea. Dereva wa bodaboda ana hela ya mlo mmoja wa mchana, na mlo huo ndio utakaomfikisha saa mbili usiku akiwa bado barabarani. Akipewa wali mbichi au kipande cha nyama chenye mfupa mtupu, harudi pale, na kijiwe kizima kitajua kabla jua halijazama. Hakuna mwandishi wa magazeti anayechuja chakula kwa ukali huo.

Ila angalia unavyouliza. Ukisema, "Kaka, wapi pana chakula kizuri?" atakutazama viatu, akupeleke kwenye ukumbi wenye vigae na televisheni kubwa, kwa sababu anakuheshimu. Uliza hivi: "Wewe leo mchana unakula wapi?" Hapo atakuonyesha kibanda cha mabati nyuma ya gereji, penye benchi mbili na mama mmoja anayepakua kwa kasi ya ajabu. Mnunulie soda. Siri aliyokupa itakupa sifa mwezi mzima.

Mafundi gereji nao ni mashahidi wazuri, na makuli wa Kariakoo na Buguruni vilevile. Pikipiki nyingi zikiwa zimeegeshwa mbele ya kibanda saa saba mchana, kaa chini, hata kama hujui wanauza nini.

2. Jifunze saa, achana na majina

Hii ndiyo mbinu kubwa kuliko zote, na ni ya bure. Majina yatakuangusha. Kibanda kinahama barabara ikipanuliwa, baa inauzwa, mpishi anaondoka na wateja wanamfuata. Saa haihami. Mtu anayejua chakula gani kinaliwa saa ngapi anaweza kushushwa Mbagala au Tegeta akiwa hajawahi kukanyaga, akala kama mzaliwa.

Asubuhi ni supu. Kuanzia saa kumi na mbili masufuria yanachemka: makongoro, utumbo, mbuzi, kuku wa kienyeji, na pembeni chapati, ndimu na pilipili. Vingunguti ipo jirani na machinjio, kwa hiyo nyama inayoingia kwenye sufuria pale haijasafiri mbali. Ukimpeleka mgeni wako saa moja asubuhi atakushangaa. Ukimpeleka saa tano atakuta mchuzi uliochujuka na maji ya kuongezea. Sufuria ni ileile na mpishi ni yuleyule. Kilichobadilika ni saa.

Mchana ni wa mama lishe. Fika saa sita na nusu, kabla ofisi hazijamwagika. Hapo unapata kichwa cha samaki, nyama yenye mafuta kidogo, na ukoko kwa anayeujua utamu wake. Saa nane unapata mkia.

Jioni kuanzia saa kumi na moja, nenda Coco Beach ukale mihogo. Wanaipasua katikati ikiwa ya moto na kuijaza kachumbari na pilipili, na unaila umesimama huku upepo wa bahari unakupiga. Karibu yake utakuta pweza anakatwa vipande vidogo na supu yake inauzwa kwa vikombe. Wanaume wataipokea kwa heshima ya pekee, kwa imani wanayoijua wenyewe. Wewe mpe mgeni kikombe na usieleze kitu.

Usiku ni wa mkaa: mishikaki, kuku, ndizi za kuchoma. Halafu kuna Ijumaa, siku ya pilau na biriani baada ya swala. Anayekula biriani Jumanne anakula ya watu wasio na haraka ya kuisifia.

Na Ramadhani, rafiki yangu, usikose. Mchana migahawa kadhaa inafunga au inaning'iniza pazia, na asiyejua hulalamika kwamba mji umekufa. Subiri alasiri. Magomeni, Temeke na Kariakoo meza zinapangwa kando ya barabara: magimbi, mihogo na ndizi za nazi, tambi, kunde, kaimati zinazong'aa kwa shira, na uji wa pilipili manga wa kufungulia. Wanawake waliopika vitu hivyo wameshinda navyo jikoni, wengi wao wakiwa wamefunga, bila kuonja hata tone kwenye kiganja. Wanapima chumvi kwa harufu na mazoea. Sijui ufundi mwingine jikoni unaozidi huo, na mgeni wako anastahili kuuona. Subiri adhana pamoja na wenzako, hata kama hukufunga.

3. Kila mtaa, beba jambo moja

Mji mzima hauingii kichwani. Beba jambo moja la kila mtaa na ulitaje bila kukazana, gari likiwa linapita.

Sinza, sema hivi: viwanja vyake vilipimwa miaka ya 1970 kwenye mpango wa serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia, kila nyumba ikapata kiwanja chake na ua wake. Ua ndiyo siri ya Sinza. Penye ua pana nafasi ya jiko la kuchomea, miti michache na meza, na ndiyo maana jioni mtaa mzima unanuka moshi wa kuku na kitimoto. Hilo la mwisho muulize mgeni mapema, tena pembeni, wasisikie wengine. Kumpeleka asiyekula nguruwe kwenye meza ya kitimoto ni aibu, na hakuna mbinu itakayokuokoa.

Kigamboni ni samaki. Daraja lipo tangu 2016, lakini mpitishe kwenye pantoni, kwa sababu pale Magogoni atapita kando ya soko la Feri na kuona samaki wake wanapotoka. Ukienda asubuhi utakuta mnada: changu, vibua, kolekole na pweza wamemwagwa sakafuni, na akina mama wenye ndoo wakishindana bei na wafanyabiashara wakubwa. Samaki wa ndoo zile ndio watakaokaangwa mchana Mbagala na Gongo la Mboto.

Pugu ni mnada wa ng'ombe na nyama choma. Kimara na Mbezi, tafuta mtori na ndizi nyama. Watu wa Kilimanjaro ni wengi huko na hawakubali mtori mwepesi. Inatosha.

4. Kwenye chipsi, simama jikoni

Watu wanaidharau chipsi mayai, yaani zege, kwa sababu ipo kila kona. Wewe ipe heshima, na heshima hiyo itakurudia. Usikae mezani ukasubiri. Simama kando ya jiko na umwangalie kijana.

Kwenye kabati la kioo kuna kilima cha chipsi zilizokaangwa nusu tangu saa kumi. Mwambie taratibu, "Kaka, nikaangie mpya, nasubiri." Akikubali bila kununa, umefika penyewe. Zikitoka kwenye mafuta anazimwaga kwenye kikaangio kilichokwishapata moto, anapasua mayai mawili kwenye kikombe, anayakoroga kwa kijiko mara chache tu, anayamimina kuzunguka kando kwanza, kisha katikati. Sasa tazama mkono wake. Fundi halisi hagusi kitu kwa muda. Anatikisa kikaangio kidogo, zege likiteleza lote kwa pamoja anaweka sahani juu, anapindua, anarudisha upande wa pili. Asiye fundi anachokonoa na uma tangu mwanzo, na unapewa mayai ya kuvurugwa yenye vipande vya viazi.

Mgeni akikuona umesimama pale unatikisa kichwa wakati mwafaka, hatakuuliza umejifunzia wapi.

5. Uliza mchele ni wa wapi

Ukifika kwa mama lishe, swali moja tu litakupandisha daraja: "Mama, huu mchele wa wapi?" Mara nyingi utaambiwa Kyela, kwa sababu mchele wa Kyela unasifika kwa kunukia na kila anayeuza wali anapenda uwe wa huko. Usibishe. Vuta harufu, kisha uliza la pili: "Na dagaa?" Wa Kigoma na wa Mwanza hawalingani, na anayepika anajua tofauti na anajua sababu. Atakueleza alivyowaosha, alivyowakausha kwenye mafuta, na kwa nini nyanya huingia mwisho.

Huyu mtu ameamka usiku wa manane kuwasha mkaa. Wateja wake wengi humwambia "niwekee wali nyama" na kuinamia simu. Ukimuuliza kazi yake, ataiongelea kwa furaha, na mgeni wako ataamini mnafahamiana miaka mingi. Siku ya tatu mtakuwa mmefahamiana kweli.

6. Lijue jina la mtoto wa mama lishe

Mzee wa benchi la nyuma atakwambia ukimnong'oneza. Ukirudi na mgeni, ingia na sauti: "Mama fulani, shikamoo, nimekuletea watu!" Kwa salamu hiyo umekuwa mtoto wa nyumba ile. Utaongezwa mchuzi bila kuomba.

7. Ndoo ya kuoshea vyombo

Sifa zote hizi zinaisha mgeni akiharisha, kwa hiyo kabla hujakaa pitisha jicho nyuma ya jiko. Tafuta ndoo ya kusuuzia sahani. Maji yake yakiwa meusi saa saba mchana na hakuna anayeyabadilisha, msalimie mama vizuri, nunua maji ya chupa na uondoke. Chakula kiwe kimefunikwa na kinatoa mvuke. Maji ya kunawa yawe ya uvuguvugu, na sabuni iwepo. Mitaa ikiwa na shida ya maji, au mvua kubwa zimejaza mitaro, acha kachumbari na vyote visivyopita motoni. Mama lishe makini hatakasirika ukikataa kachumbari. Mara nyingi yeye mwenyewe hataitengeneza siku hizo.

8. Malipo

Lipa wewe, na ulipe mapema mgeni akiwa ananawa. Kwenye samaki wa kuchagua na kuku wa kuchoma, uliza bei kabla hajawekwa motoni, kwa sababu samaki akishaiva huna tena la kusema. Kwa mama lishe usipunguze bei hata shilingi. Mkaa unapanda, mafuta yanapanda, na yeye anaogopa kupandisha sahani kwa sababu anawajua wateja wake na mifuko yao. Mwachie chenji. Mgeni akitaka kupiga picha, aombe kwanza. Mtu aliyefunga kanga kiunoni na jasho usoni ana haki ya kujiweka sawa.

9. Ukikuta kimeisha

Siku moja utachelewa. Foleni ya Barabara ya Mandela itakushika, utafika saa tisa na mgeni mwenye njaa, na masufuria yatakuwa yamelazwa kifudifudi. Usiombe radhi. Geuka umwambie, "Umeona? Chakula cha hapa hakilali." Hiyo ni kweli tupu, na ni sifa kubwa ya jiko lolote mjini.

Kisha mwulize mama kuna nini. Karibu kila mara maharage yapo, kwa sababu yalipikwa mengi. Tangu asubuhi yamekaa kwenye moto mdogo, yamepasuka, mchuzi umekuwa mzito na nazi imekolea hadi ndani ya punje. Saa sita yalikuwa mboga ya pembeni. Saa tisa ndiyo chakula kitamu kuliko vyote vilivyopikwa pale siku hiyo, na waliowahi hawakukipata. Omba wali uliobaki, maharage juu, kipande cha ndimu na pilipili mbuzi moja nzima. Na umwambie mama asiyaondoe jikoni yaliyobaki, maana mgeni ataongeza.