Tumbo la Mgeni Dodoma: Majibu kwa Wasomaji wa Kibakwe

Mgahawa mzuri na wa bei nafuu, kwa mtu anayeingia jijini mara ya kwanza, ni ule unaolisha watu watakaorudi kesho. Mpishi anayemtegemea mteja yuleyule kila mchana hawezi kumpunja nyama Jumatatu akatarajia kumwona Jumanne. Mpishi wa wapita njia hana hofu hiyo. Malalamiko mengi yanayofika kwenye safu hii kutoka Kibakwe na vijiji vya jirani yanatokana na kuwachanganya wapishi hao wawili, nayo yanajibiwa hapa kwa mpangilio uleule ambao tumbo la msafiri huyakuta: stendi, mchana wa mjini, nyama, na hatimaye, kwa wasio na bahati, choo.

Tatizo la kwanza ni la mkulima wa karanga. Alitoka Kibakwe alfajiri, akapita Gulwe, Mpwapwa na Kongwa, akaingia barabara kuu pale Mbande, na aliposhuka stendi kuu ya Nanenane, Nzuguni, akala chipsi kavu na paja la kuku kwenye kibanda cha kwanza kilichomwita "karibu mzee". Bei aliambiwa baada ya kula. Anauliza kama Dodoma nzima kuku huuzwa kwa bei ya mbuzi.

Hauzwi hivyo. Mkulima huyo alinunua vitu viwili, kuku na haraka, na kilichokuwa ghali ni haraka. Penye stendi yoyote wateja wana mizigo mikononi, hawawezi kuzunguka kulinganisha bei, na nusu yao wanasikiliza honi ya basi. Tiba yake ni kuuliza bei kabla ya kukaa, baada ya salamu na kwa sauti ya kawaida: "Shikamoo mama, wali maharage sahani shilingi ngapi?" Swali hilo si aibu, wenyeji nao huliuliza. Tiba nyingine ni kutofika na njaa, yaani kubeba kitu cha kutafuna njiani. Ilikuwaje mkulima wa karanga akashuka kwenye basi akiwa na njaa ni suala ambalo safu hii imelitafutia maelezo bila mafanikio.

Tatizo la pili limeletwa na kijana aliyeitwa Dodoma kwenye usaili wa kazi. Alitoka ukumbini saa tisa, akaenda moja kwa moja maeneo ya Soko la Majengo aliyoelekezwa kuwa yana chakula cha bei rahisi. Mama lishe wanne walimwambia kimeisha. Wa tano alikuwa na kila kitu: wali, pilau, ugali, makande, samaki, na nyama ya aina mbili. Kijana alijipongeza kwa kupata sehemu isiyopungukiwa. Usiku ulimpa maoni tofauti.

Kosa lake ni la kusoma ishara kinyume. Mama lishe hununua mahitaji sokoni asubuhi kwa mtaji wa siku hiyo, hupika kwa mkaa au gesi, na kwa kawaida hana friji. Kinachobaki jioni ni hasara yake. Kwa hiyo hupika kiasi anachojua kitaliwa, na akikosea hukosea upande wa kupunguza. Sufuria tupu saa nane mchana ni cheti bora kuliko bango lolote lililopakwa rangi. Sufuria sita zilizojaa saa kumi, kinyume chake, zinazua swali ambalo mteja angepaswa kuliuliza kabla ya kunawa mikono: zilipikwa lini?

Kila saa ina chakula chake. Kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi ni muda wa supu na chapati. Supu ya makongoro au ya utumbo imechemka tangu alfajiri, na bakuli lake humfikisha fundi ujenzi hadi mchana. Chakula cha mchana huwa bora kati ya saa sita na nusu na saa saba, kabla ofisi hazijamwaga watu. Sahani ya wali nyama wakati huo huja na maharage, mchicha, kachumbari na pengine kipande cha tikiti, na anayeomba mchuzi wa nyongeza kwa adabu hupewa bila kuongezewa bei. Kuanzia saa kumi na mbili jioni ni zamu ya majiko ya barabarani: chipsi, mishkaki, kuku, ndizi za kuchoma. Anayejikuta na njaa saa tisa au saa kumi, kama kijana wa usaili, hana mahali pazuri pa kwenda. Chai na chapati zitamsogeza hadi majiko yawashwe.

Wapo wanaotaka kipimo cha haraka zaidi kuliko saa. Kipo: dereva wa gari la serikali. Analipwa posho kwa siku, na asichokula ni chake, kwa hiyo hutafuta chakula kwa makini kuliko mkaguzi wa hesabu. Land Cruiser mbili zenye namba za serikali zikiegeshwa mbele ya kibanda cha mabati ni uthibitisho wa kutosha. Bodaboda ni kipimo cha pili, ila wao huangalia wingi wa ugali kuliko ladha ya mboga. Makarani wenye vitambulisho shingoni wanafaa pia, isipokuwa wiki ya mshahara, ambapo hula sehemu ambazo wiki nyingine hawazioni.

Wasomaji wawili wameuliza swali moja kwa njia mbili. Mmoja alifuata maelekezo ya mjomba wake, aliyeishi Dodoma enzi za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na anayekumbuka hoteli moja ya pilau karibu na stendi ya zamani. Mwingine alifuata nyota za kwenye simu. Wote wawili walilala na njaa. Mjomba hakudanganya, mji ndio uliomkimbia. CDA iliundwa mwaka 1973, mwaka ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na ikavunjwa mwaka 2017, serikali ilipokuwa imeanza kuhamia kwa dhati. Hadhi ya jiji ikafuata mwaka 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini. Ya 2022 ilihesabu 765,179. Katika mji unaokua hivyo stendi huhama, ofisi huhamia mji wa serikali wa Mtumba, na mama lishe hufuata ofisi akiwa na masufuria yake. Kumbukumbu ya mgahawa ina uhai wa miaka miwili hivi. Ya mjomba ilikuwa imevuka umri wa kuoa.

Nyota za simu zina kasoro nyingine. Hutolewa na watu wenye muda na bando, ambao mara nyingi ni wageni waliolala hotelini, na wageni husifu viti, intaneti na ukarimu wa mhudumu. Anayekula wali maharage kila siku kwenye kibanda hana sababu ya kukiandikia sifa. Sifa yake ni kurudi. Kibanda chenyewe pengine hakimo kwenye ramani. Nyota zinafaa kwa mtu anayetafuta mahali pa kukaa saa tatu na kompyuta. Kwa sahani ya mchana, kumuuliza muuza vocha "wewe unakula wapi?" kunatosha. Aulizwe anapokula yeye, si penye chakula kizuri, kwa sababu swali la pili humfanya amtume mgeni penye vitambaa vya meza.

Swali zito kuliko yote limetoka kwa bwana anayetarajia kuoa. Baba mkwe mtarajiwa anaishi Dodoma na ametamka kwamba angependa "kula nyama kidogo" na kijana huyo. Fedha ni chache. Sehemu ya viti vya ngozi itamfilisi, na ya viti vya plastiki inaweza kumvunjia heshima.

Jibu linategemea siku. Ikiwa ni Jumamosi, upo mnada wa Msalato, kaskazini mwa jiji kwenye barabara iendayo Kondoa, ambako mifugo huuzwa na mbuzi huchomwa, na ambako mzee yeyote wa Dodoma hukaa kwenye benchi bila kujiona ameshushwa hadhi. Mzee wa Kigogo hupima nyama kwa nyama yenyewe, kiti hakimhusu. Siku nyingine yapo majiko mengi ya mjini, na kwa kuku kuna Chako ni Chako, jina ambalo wenyeji hulitaja mara tu kuku anapotajwa, na ambalo lisichukuliwe kuwa mwongozo wa nani alipe bili. Bili ni ya kijana.

Namna ya kununua nyama choma inahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo wageni hupotezea fedha. Nyama hupimwa mbichi. Kilo moja ikipita kwenye moto hupoteza maji na mafuta, ikarudi imepungua robo au zaidi, na anayelalamika kwamba ameibiwa mara nyingi ameibiwa na moto tu. Walaji watatu wenye meno mazima huhitaji zaidi ya kilo moja kama hakuna ugali, na kilo moja hutosha kama upo. Mnunuzi huchagua kipande mwenyewe: mbavu zina utamu na mifupa, paja lina nyama na subira. Bei ya kilo, ya kuchomewa, ya ndizi na ya ugali huulizwa kwa pamoja na mwanzoni, kwa sababu vikiulizwa kimoja kimoja kila kimoja hupanda. Kisha hufuata kusubiri, ambako kwa mbuzi hufika saa nzima. Mteja wa busara husubiri akiwa anaona jiko. Vipande vya nyama vina tabia ya kupotea machoni pa mteja aliyegeuka, na hadi leo hakuna mchomaji aliyewahi kuona vilikokwenda.

Kwa upande wa mkwe, sheria ni mbili tu. Mzee ndiye anayenawishwa kwanza. Na kipande kilichonona husogezwa upande wake bila maneno. Kijana anayekitangaza ameshakiharibu.

Mama mmoja wa Kibakwe, aliyekwenda kumtembelea binti yake Chuo Kikuu cha Dodoma, analalamika kwamba siku tatu alilishwa wali, chipsi na wali. Anataka ugali wa mtama au wa uwele na mlenda, na anashangaa kuvikosa makao makuu ya Ugogo. Havijakosekana, ila vimejificha. Migahawa iliyofunguliwa kwa ajili ya watumishi waliohamia kutoka Dar es Salaam hupika alichozoea mtumishi huyo, na eneo la chuo hupika kile mwanafunzi anachoweza kulipia. Mlenda unapatikana kwa mama lishe wanaopikia wachuuzi na wapakuzi wa masokoni, na hapo huulizwa tangu asubuhi, kwa kuwa haupikwi kila siku. Salamu ya "mbukwenyi" husaidia, mradi isitolewe kwa akina mama waliotoka Singida au Iringa, ambao wamejaa. Mama akishindwa kabisa, mlenda mkavu huuzwa sokoni kwa kipimo. Binti ana jiko la gesi na mkono wa kusonga. Amlishe mama yake.

Kuhusu msimu, maelezo ni mafupi. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni. Maonesho ya Nane Nane ya Nzuguni huangukia wiki ya kwanza ya Agosti. Nyakati hizo nyumba za wageni hujaa, meza hujaa, na sahani huwa nyepesi kidogo kwa bei ileile. Asiye na hoja ya kuwasilisha bungeni asubiri Julai.

Kuhusu choo, mafupi zaidi. Chakula kinachotoa mvuke ni salama kuliko kilichopoa, hata kama kilichopoa kina sahani nzuri. Kachumbari iliyokatwa asubuhi na kuachwa juani iachwe hapohapo. Maji ya kunawa yawe ya kumiminwa kutoka kwenye ndoo yenye koki, siyo beseni moja lililonawisha meza nne. Tangu mlipuko wa kipindupindu ulioanza 2015 na kuenea mikoa mingi, ndoo hizo zimekuwa jambo la kawaida, kwa hiyo kibanda kisichokuwa nazo hakina kisingizio.

Swali la mwisho linakwenda upande wa pili. Ofisa mmoja wa jijini alitumwa Kibakwe kikazi na kuomba orodha ya migahawa. Kabla hajajibiwa alisafiri, akashuka Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, penye soko kubwa la nafaka kando ya barabara kuu, akala vizuri sana, na sasa anauliza kwa nini hakuwakuta watu aliotumwa kuwaona. Watu hao wapo Kibakwe, kusini mwa Mpwapwa, na wanaendelea kumsubiri. Akifika huko atambue kwamba kanuni za jiji hugeuka. Kijijini mpishi hapiki kwa kukisia; hupika kwa taarifa. Anayetaka kuku wa kienyeji mchana husema asubuhi, maana saa nne kuku huyo bado anatembea. Siku ya gulio chakula ni kingi na hakihitaji oda. Siku nyingine, anayefika jioni bila kusema ataandaliwa chai, na maandazi kama watoto wa shule hawakuyamaliza.

Ofisa huyo ameongeza swali dogo: je, mama lishe wa Kibakwe atampa risiti ya mashine kwa ajili ya marejesho? Posho ya kujikimu hulipwa kwa siku na haidai risiti ya maharage, jambo ambalo ofisa analifahamu vizuri kuliko safu hii.