Nimemshusha Straika Mkata

Tangu Jumanne naitwa Wakala. Madereva wa bodaboda pale njia panda ya Handeni, ambao miaka yote walinijua kwa jina la Mgosi, sasa wananipungia mkono na kuuliza, "Wakala, leo unashusha nani?" Mama wa mahindi ya kuchemsha ananirudishia chenji akisema, "Hizo za kumalizia dili, Wakala." Jana mtoto wa jirani, ambaye meno ya mbele hayajarudi, alinipa "Shikamoo Wakala" kwa adabu zote. Niliitikia marahaba. Ningefanyaje?

Aliyenifikisha hapa ni mtu mmoja mrefu aliyekaa dirishani katika basi la Arusha.

Mabasi yanayotoka Dar alfajiri hufika Mkata kwenye saa nne hivi. Likisimama ni dakika chache tu. Watu wa machungwa, maji na mayai wanakimbilia madirishani, noti inashuka, mfuko unapanda, konda anagonga bodi, na daima kuna abiria mmoja anayeondoka bila chenji yake huku akilitaja jina la Mungu. Sisi wa kijiwe cha kahawa tunakaa kivulini tunajadili usajili. Dirisha kubwa likishafunguliwa, ngedere wanaweza kumaliza mahindi yote shambani, lakini straika wa Simba lazima apatikane.

Basi, Jumanne hiyo nainua kikombe, namwona. Kioo cha tatu, pazia limefungwa nusu. Jitu la miraba minne, traksuti nyeusi, hedifoni shingoni, simu sikioni, linaongea Kifaransa. Nikasogea kana kwamba nanunua machungwa. Nikasikia kwa masikio yangu neno "contrat". Hata sisi tulioishia kusikia Kifaransa kwenye nyimbo za Kongo tunajua huo ni mkataba.

Msomaji, pima ushahidi huu. Kijiwe kizima kilishakubaliana kwamba tunahitaji mshambuliaji wa kati kutoka Kongo. Wachambuzi wa mitandaoni walikuwa wameandika kwamba kuna mashine inashushwa muda wowote. Na sasa mashine yenyewe iko Mkata, inaongelea mkataba.

Wakanicheka baadaye: straika gani wa kigeni anapita Mkata kwa basi? Hao hawajui historia ya nchi yao. Wazee wetu wanasimulia enzi za mchezaji kufichwa kwa mjomba wa kiongozi, anatolewa siku ya fomu tu, ili watani wetu wa Yanga wasimwibe uwanja wa ndege. Mimi niliona mbinu ya hali ya juu: watani wanalinda Dar, mtu wetu anazungushwa Arusha.

Tena mambo ya usajili wa nchi hii yamezidi basi. Emmanuel Okwi, Mganda, Simba ilimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia Januari 2013 kwa dola 300,000. Pesa hazikuonekana, ikawa kesi FIFA, na mwaka haujaisha Okwi huyo huyo kasajiliwa Yanga. Bernard Morrison wa Ghana alihamia Simba Agosti 2020, Yanga wakisema mkataba wake kwao bado, yeye akisema umekwisha. Ugomvi ukapanda hadi mahakama ya michezo, CAS, kule Uswisi, Morrison akashinda, na 2022 akarudi zake Yanga, akapokewa kama mtu aliyetoka safari. Clatous Chama, ambaye mitaa ya Msimbazi ilimwimba tangu 2018, Julai 2024 akatambulishwa na jezi ya Yanga. Siku hiyo kijiwe chetu kilifunga mapema.

Na Feisal Salum? Fei Toto mwishoni mwa 2022 aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga ili ajinunue mwenyewe: milioni 100 za kuvunja mkataba, milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Yanga wakazikataa. Kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, kijana hachezi, mpaka Juni 2023 Rais Samia alipowaalika Yanga Ikulu baada ya fainali yao ya Afrika na kuwaomba walimalize suala hilo. Siku chache baadaye Fei akawa mali ya Azam. Nchi ambayo uhamisho wa kiungo umeamuliwa kwenye chakula cha jioni Ikulu, wewe unanishangaa mimi kumwona straika kwenye basi?

Na si hapa kwetu tu. Kuna kijana wetu mmoja aliyesoma Azania, Dar, pale shuleni ambako Wajapani walisaidia kujenga uwanja wa besiboli mwaka 2018. Amerudi na elimu ambayo haina soko Handeni, lakini kijiweni inalipa kwa kahawa ya bure. Anasema kwenye besiboli ya Marekani timu hubadilishana wachezaji wenyewe kwa wenyewe, wawili kwa mmoja, mzee kwa vijana watatu, na mara nyingi mchezaji haulizwi. Analala mtu wa mji huu, anaamka mtu wa mji ule. Msimu ukiisha, mashabiki kazi yao majira yote ya baridi ni kubishana nani abadilishwe na nani. Boston mwaka 1919 walimuuza mtu anaitwa Babe Ruth kwa watani wao wa New York, wakakaa bila ubingwa mpaka 2004. Kijiwe kikaguna kwa huruma ya kweli, hasa upande wetu.

Kisha akatusimulia habari za Curt Flood. Huyu 1969 aliambiwa amebadilishwa, ahame St. Louis aende Philadelphia. Akasema mimi si mzigo. Akaenda mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1972 akashindwa.

"Fei Toto wao huyo," akasema muuza kahawa.

"Rais wao hakumwombea?" akauliza mwingine.

Hakumwombea. Tukanyamaza kidogo, kisha tukajaribu sheria hiyo ya kubadilishana kwetu: sisi tuwape Yanga beki, wao watupe kiungo, tuongeze na kipa wa akiba. Vikombe viwili vilivunjika, na mkutano uliahirishwa.

Narudi kwenye basi. Nilichosema ni maneno manne tu: "Straika wa Simba huyu!" Sikupaza sauti sana. Lakini stendi ya Mkata haihitaji spika. Wa machungwa wakasikia, wa mayai wakasikia, bodaboda wakawasha pikipiki zote kwa pamoja. Mtu akarusha skafu nyekundu kupitia dirishani, ikamkaa yule bwana shingoni vizuri kabisa, juu ya hedifoni. Hapo hata waliokuwa na shaka wakaamini, maana skafu ilimpendeza.

Watani nao hawakulala. Dereva mmoja wa bodaboda, Yanga wa kuzaliwa, akaegesha pikipiki mbele ya basi na kupiga kelele, "Mwambieni asisaini! Wananchi tunaongeza dau!" Dau lenyewe alilokuwa nalo ni mafuta nusu tangi. Mama mmoja abiria akaanza kulia akidhani wametekwa. Konda akauliza nani kagongwa. Nami katikati ya vurugu hiyo, kwa kuwa mimi ndiye mtoa taarifa, nikawa naulizwa maswali na watu ambao jana yake walikuwa hawanisalimii: mkataba miaka mingapi, mchezaji huru au mkopo, nafasi za wageni 12 zimejaa, nani anapewa thank you ya kuachwa?

Nilijibu yote. Mkataba miaka miwili na kipengele cha kuongeza. Mchezaji huru, maana kanuni inamruhusu mtu aliyebakiza miezi sita kuzungumza na klabu nyingine. Nikawaeleza na ule mfumo wa FIFA wa kompyuta, ambao kusema kweli naupenda kuliko mpira wenyewe. Klabu inayouza inaingiza taarifa zake kivyake, inayonunua inaingiza za kwake kivyake: bei, tarehe, wakala, akaunti ya benki. Zikipishana hata kidogo, mfumo unagoma, na hati ya uhamisho wa kimataifa haitoki. Hakuna mjomba wa kumpigia simu. Dirisha likifungwa, limefungwa. Ndiyo maana usiku wa mwisho wa usajili kuna watu wazima wenye suti wanatetemeka mbele ya kompyuta kwa sababu ya sifuri moja. Nilikuwa nimefika kwenye hiyo sifuri pale mlango wa basi ulipofunguka.

Akateremka. Mrefu kweli. Skafu ingali shingoni. Akainua mikono miwili, watu wakapiga makofi, akasubiri yaishe kwa subira ya mtu aliyezoea umati.

"Bandugu," akasema, "mimi si mutu wa mupira. Niko muchungaji. Niko naenda Arusha ku semina."

Mkataba wa kwenye simu ulikuwa wa kukodi ukumbi.

Pangeishia hapo ningevumilia. Lakini mchungaji aliona kundi, na mchungaji akiona kundi hawezi kuliacha hivi hivi. Akauliza nani aliyetangaza habari hii. Vidole vyote vya Mkata, vya Simba na vya Yanga, vikaungana kwa mara ya kwanza tangu nchi ipate uhuru. Akaniwekea kiganja kichwani, kikafunika mpaka nyusi, akaomba nifunguliwe kutoka kwenye roho ya kunena yasiyokuwepo. Kijiwe kizima kikaitikia amina, pamoja na muuza kahawa ambaye ni mwadhini wa akiba. Basi likaondoka na skafu yetu. Video ilifika Korogwe kabla ya basi.

Mpaka leo nasema ushahidi ulitosha.

Mikasa mingine ya dirisha hili ni midogo. Fundi alinichapia jina la mchezaji mgongoni mwa jezi kwa bei ya kila herufi, jina refu la Kikongo, na asubuhi yake klabu ikampa thank you. Shemeji yangu, mtu wa Yanga, amenunua jezi hiyo kwa nusu bei ili apigie deki.

Lakini kuna mtu mmoja siku ile ya basi hakucheka, naye ni mwalimu anayefundisha watoto mpira jioni kwenye kiwanja chetu cha vumbi. Alikuja kijiweni na kauntabuku lake. Jalada limelowa mvua likakauka likiwa limejikunja. Ndani kuna majina, mstari kwa mstari, kwa kalamu ya bluu na nyekundu, na pembeni ya baadhi ameandika neno moja: "Ameondoka." Walioondoka walichukuliwa na mtu aliyekuja na pikipiki, akaangalia mechi kipindi kimoja, akamnunulia kijana soda na kumlipia nauli.

Akaniuliza, "Wewe Wakala, unayejua kanuni, kwa hawa nalipwa nini?"

Ningetamani aniulize mchungaji alicheza namba ngapi. Maana kanuni ipo, na ni tamu kuisoma. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu ana miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 5 ya fungu hilo, kila mwaka wa 16 hadi 23 una asilimia 10. Tuchukue bei ile ya Okwi, dola 300,000. Fungu ni dola 15,000. Kiwanja kilichomlea kijana kuanzia miaka 12 mpaka 17 kingepata dola 6,000. Ni mipira, nyavu, magoli ya chuma, na kisima, pesa bado inabaki. Tangu Novemba 2022 FIFA wana ofisi Paris ambayo kazi yake ni kuzipokea pesa hizi na kuzipeleka zinakotakiwa.

Ila FIFA hawasomi kauntabuku. Wanasoma usajili: klabu yenye hadhi kwenye shirikisho, mtoto aliyeandikishwa kwa jina na tarehe kwa klabu hiyo, msimu kwa msimu. Mtoto wetu rekodi yake inaanzia pale alipojazwa fomu mjini, akiwa na miaka 18, kana kwamba alizaliwa siku hiyo akiwa amevaa njumu. Mwalimu aliwahi kwenda kuulizia usajili kwenye ofisi moja nisiyoitaja. Aliambiwa njoo na katiba. Akarudi na katiba, akaambiwa njoo na muhtasari wa kikao. Akarudi na muhtasari, aliyemtuma akawa kahamishwa. Huyo hakuhitaji hati ya kimataifa.

Nasi kijiweni, tunaojua mshahara wa kila mgeni wa Msimbazi na Jangwani, hatukuwahi kumchangia hata nauli ya kwenda na hiyo katiba. Tunachanga za kahawa.

Wewe mwenye timu ya mtaani, uwe Mkata, Kabuku, Segera au Korogwe, isajili. Andika jina la kila mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, ukiacha ile aliyopunguziwa ili acheze yosso. Na akija bwana wa pikipiki na soda yake, soda apokee kijana, lakini kabla ya nauli mwekee karatasi mezani atie sahihi.